Kuunganisha kamera ya gari kwenye boksi la fyuzi: pima kwanza, unganisha baadaye

Mara ya kwanza nilipofunga kamera ya mbele kwenye gari langu, Toyota iliyotumika Japani kama magari mengi ya Dar es Salaam, nilijiona fundi. Nilitafuta tundu la fyuzi lenye umeme, nikachomeka waya, kamera ikawaka, nikarudisha kifuniko na kunawa mikono. Kesho yake nilipanda boti kwenda Unguja kwa siku nne. Niliporudi, gari halikutoa hata mlio. Jirani alileta nyaya za kubusti, injini ikawaka, lakini redio ilikuwa imejifunga na ilikuwa inadai namba ya siri ambayo mwenye gari wa kwanza alibaki nayo hukohuko Japani.

Kosa langu lilikuwa moja tu: tundu nililolichagua lina umeme saa zote, hata gari likiwa limezimwa na ufunguo uko mfukoni. Kamera yangu ya lenzi mbili hutumia takribani wati 5, yaani kama amperi 0.4 kwenye umeme wa volti 12. Ukizidisha kwa saa 96 za siku nne, unapata karibu amperi-saa 40, na betri ya NS60 iliyomo kwenye gari hilo ikiwa mpya kabisa hubeba takribani 45. Hesabu hiyo ningeifanya kabla ya safari, nisingemsumbua jirani.

Tangu siku hiyo nimefunga kamera kwenye magari kadhaa ya ndugu na majirani, na utaratibu nitakaoueleza hapa ndio niliobaki nao. Unafaa pia kwa kifaa kingine chochote kidogo kinachotakiwa kupata umeme wa kudumu bila kuning'iniza waya mbele ya macho ya dereva, kwa mfano kifaa cha kufuatilia gari au kitambua rada, kile kinachomtahadharisha dereva kuhusu vipima mwendo vya polisi. Kitambua rada chenyewe sikipendekezi kwa dereva wa huku, kwa sababu tochi ya polisi ya kupimia mwendo kwa leza inapolilenga gari lako, kifaa hulia wakati kasi yako imekwisha kupimwa. Lakini mwenye kukitaka ataunganisha waya wake kwa hatua hizihizi.

Kwa nini usitumie tundu la kiberiti cha sigara

Kamera nyingi huuzwa zikiwa na plagi ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara, na hakuna ubaya wowote kuanza nayo. Udhia unakuja baadaye. Tundu hilo ndilo ambalo kila abiria analitaka kwa ajili ya simu yake, plagi hulegea kwenye barabara ya mashimo na kamera ikazimika bila wewe kujua, na waya unaoshuka kutoka kwenye kioo hadi katikati ya dashibodi hujikunja karibu na gia. Juu ya hayo, kwenye Toyota nyingi tundu hilo hukatika umeme mara tu unapozima gari, kwa hiyo kamera haiwezi kulinda gari likiwa limeegeshwa, na pengine hiyo ndiyo sababu iliyokufanya uinunue.

Vitu vya kuwa navyo

Kitu cha kwanza ni waya maalumu wenye kijisanduku kinachoshusha umeme wa volti 12 hadi volti 5 ambazo kamera inazihitaji. Hapa nitakiita kishusha volti. Usikate plagi ya kiberiti ukaunganisha waya wa kamera moja kwa moja kwenye fyuzi, kwa sababu mzunguko wa kushusha umeme umo ndani ya plagi hiyo, na ukiuondoa, kamera ya volti 5 itapokea volti 12 na kuungua papo hapo. Nunua kishusha volti kilichotengenezwa kwa ajili ya kamera yako au chenye kichwa kinachoingia kwenye kamera yako, na hakikisha kina sehemu ya kukata umeme betri inaposhuka.

Kwa kawaida kishusha volti hutoa nyaya tatu upande wa gari. Mwekundu hutaka umeme unaokuja pale tu swichi ya gari inapofunguliwa. Wa njano hutaka umeme wa saa zote kutoka kwenye betri. Na mweusi ni wa ethi, yaani wa kurudishia umeme kwenye chuma cha bodi ya gari. Husemwa hivyo kwa sababu ndivyo watengenezaji wengi wanavyofanya, lakini soma kibandiko kilichofungwa kwenye waya kabla ya kuiamini rangi.

Kitu cha pili ni adapta za fyuzi, mbili kwa kamera yenye nyaya mbili za umeme. Hiki ni kipande cha plastiki chenye miguu miwili inayoingia kwenye tundu la fyuzi, kikiwa na nafasi mbili za fyuzi juu yake: moja ya kurudishia fyuzi ya gari, nyingine ya fyuzi mpya ya kamera, pamoja na kipande cha waya cha kuungia. Adapta huja kwa ukubwa tofauti kwa sababu fyuzi zenyewe zina ukubwa tofauti, na fyuzi ndogo za gari la miaka ya 2000 si lazima zilingane na fyuzi fupi zaidi za gari jipya. Chomoa fyuzi moja, iweke mfukoni, nenda nayo dukani ukalinganishe kwa macho. Maduka ya vipuri ya Gerezani pale Kariakoo yanazo, na kwa walioko Nairobi, Barabara ya Kirinyaga haishindwi.

Cha tatu, ambacho wengi hukiruka, ni multimita, yaani mita ya kupimia umeme. Ile ya bei ya chini kabisa inatosha. Wapo mafundi wanaotumia taa ya kupimia yenye balbu, na kwa fyuzi za taa au honi haina neno, lakini balbu hiyo hupitisha mkondo wa kweli, na haifai kuugusisha kwenye saketi za mifuko ya hewa au za kompyuta ya gari. Multimita haipitishi chochote cha kutisha.

Kwa kumalizia, uwe na spana namba 10, koleo ya kubania temino, temino moja ya pete kwa ajili ya ethi, tepu ya umeme, vifungio vya plastiki vya kubana nyaya, tochi, na fyuzi mbili za amperi 3 au, zikikosekana, za amperi 5. Kishusha volti cha kamera hakihitaji hata amperi 2, na fyuzi kubwa kuliko hapo itakaa kimya huku waya mwembamba ukiyeyuka.

Usiondoe betri bila kufikiri

Maelekezo mengi huanza kwa kumwambia msomaji afungue waya wa hasi wa betri. Ni ushauri salama, na mahali pengi ni wa lazima. Hata hivyo, mwenye gari la Japani lenye redio ya kiwandani yenye ramani ajiulize kwanza kama ana namba ya kuifungulia, kwa sababu redio hizo hujifunga zinapokosa umeme, na kuifungua upya kunaweza kugharimu fedha na muda kuliko kamera yenyewe. Kazi hii haigusi waya wowote wa gari isipokuwa fyuzi mbili, nasi tutazichomoa gari likiwa limezimwa na ufunguo ukiwa nje, kisha fyuzi za kamera zitaingizwa mwisho kabisa, baada ya kila kiungo kufungwa. Kwa utaratibu huo betri inaweza kubaki ilivyo. Lakini ikiwa utalazimika kuchomoa plagi yoyote ya umeme, hasa plagi za njano ambazo kwa kawaida ni za mifuko ya hewa, fungua waya wa hasi na usubiri zaidi ya dakika moja na nusu kabla ya kugusa, au afadhali uiache kazi hiyo kwa fundi.

Kulitafuta boksi na kusoma majina yake

Magari mengi yana boksi la fyuzi zaidi ya moja. Lililo chini ya boneti ni la mikondo mikubwa na hukutana na maji na joto, kwa hiyo tuliache. Tunalolitaka limo ndani ya gari. Kutegemeana na aina, linaweza kuwa chini ya usukani karibu na goti la dereva, nyuma ya kasha la dashibodi lililo mbele ya abiria, au pembeni kwenye ubavu wa chini karibu na mlango. Kitabu cha gari, kama kimekuja nalo, huenda kikawa cha Kijapani chote. Usikitupe, kwa kuwa michoro yake inaeleweka, na majina ya fyuzi kwenye Toyota huandikwa kwa vifupisho vya herufi za Kirumi ambavyo utavikuta vilevile kwenye kifuniko cha boksi.

Piga picha ya boksi zima kabla ya kuchomoa chochote. Mimi niliwahi kudondosha fyuzi mbili kwa pamoja, nikabaki nimepiga magoti kwenye zulia la gari nikijiuliza ya kahawia ilikaa wapi na nyekundu wapi. Rangi ni lugha yenyewe: amperi 5 ni ya rangi ya kaki, 7.5 ya kahawia, 10 nyekundu, 15 ya bluu, 20 ya njano, 30 ya kijani. Picha ya simu itakuokoa.

Kisha soma majina kwa nia ya kuondoa yasiyofaa. Chochote kinachotaja mifuko ya hewa, breki za ABS, taa za breki, usukani au kompyuta ya injini kisiguswe, hata kama kipimo kinaonyesha umeme mzuri kiasi gani. Iwapo fyuzi ya kamera au adapta yake italeta hitilafu, unataka kitakachokosekana kiwe redio, tundu la kiberiti au taa ya ndani. Kwa umeme wa swichi, mahali ninapoanza kutazama ni fyuzi ya redio au ile iliyoandikwa ACC, yaani hatua ya swichi inayowasha redio bila injini. Kwa umeme wa saa zote, natazama fyuzi ya taa za ndani ikiwa ipo kwenye boksi hilo, au ya kufuli za milango. Zingatia pia kwamba adapta nyingi ndogo zimetengenezwa kubeba mwisho amperi 10, hivyo ukipata tundu lenye fyuzi ya amperi 10 au chini yake, lichague hilo kabla ya lile la 15 au 20.

Kupima

Hapa usiharakishe. Jina lililoandikwa kwenye kifuniko linakueleza fyuzi inalinda nini. Halikuelezi umeme wake unakuja lini na kuondoka lini, na gari ambalo limepita mikononi mwa mafundi watatu linaweza kuwa na mambo ambayo kiwanda hakiyajui.

Weka multimita kwenye volti za betri, yaani umeme wa moja kwa moja, kipimo cha 20. Ncha nyeusi igusishe kwenye boliti ya chuma tupu ya bodi. Sasa itazame fyuzi kwa karibu, bila kuichomoa: mgongoni mwake, kulia na kushoto, kuna vitobo viwili vidogo ambamo chuma chake kinaonekana. Gusa kimoja kwa ncha nyekundu, kisha kingine. Fyuzi nzima yenye umeme itaonyesha namba ileile pande zote mbili.

Pima mara tatu. Kwanza ufunguo ukiwa nje na milango imefungwa: fyuzi zinazoonyesha karibu volti 12.5 ni za saa zote. Pili, zungusha swichi hadi ACC bila kuwasha injini, au kwa gari la kubonyeza, bonyeza mara moja bila kukanyaga breki: fyuzi zilizokuwa sifuri na sasa zina volti 12 ndizo zinazofaa waya mwekundu. Tatu, nenda hadi ON uone zipi zinaamka hapo tu. Hizo nazo zinaweza kutumika kwa waya mwekundu, ila kamera haitawaka unapokaa kusikiliza redio, jambo ambalo kwa wengine ni jema.

Kwa magari mapya kuna mtego. Baadhi ya saketi hubaki na umeme kwa dakika kadhaa baada ya kuzima, mpaka kompyuta ilale. Ukipima haraka utadhani umepata tundu la saa zote, kumbe litakatika baada ya robo saa. Kwa hiyo tundu ulilolichagua kwa waya wa njano lipime tena baada ya gari kufungwa kwa dakika 20 au zaidi, na lile la waya mwekundu hakikisha kwamba limeshuka hadi sifuri.

Mguu upi wa adapta uingie upande upi

Sasa chomoa fyuzi uliyoichagua. Mara nyingi ndani ya kifuniko cha boksi, hasa lile la chini ya boneti, kuna kibanio kidogo cha plastiki cha kazi hiyo. Fungulia swichi kulingana na aina ya tundu, kisha pima ndani ya tundu tupu: nafasi moja itakuwa na volti 12 na nyingine sifuri. Yenye volti ndiyo inayotoka kwenye betri; nyingine inakwenda kwenye kifaa. Weka alama kwa kalamu. Baada ya hapo zima swichi tena.

Adapta nayo ina mguu mmoja unaolisha fyuzi zote mbili, na mguu mwingine unaopokea umeme uliokwisha kupita kwenye fyuzi ya gari. Mguu wa kwanza lazima ukae upande wenye volti. Ukiigeuza, kila kitu kitawaka kama kawaida, na ndiyo maana watu wengi wanaishi na kosa hili bila kulijua, lakini umeme wa kamera utakuwa unapita kwanza kwenye fyuzi ya gari, na fyuzi hiyo itabeba mizigo miwili kwa pamoja badala ya mmoja.

Huna haja ya kuamini mchoro wa pakiti. Chomeka adapta kwenye tundu, weka ile fyuzi mpya peke yake, acha nafasi ya fyuzi ya gari ikiwa tupu, fungulia swichi, kisha pima kwenye ncha ya waya wa adapta. Ukikuta volti 12, adapta imekaa sawa, kwa kuwa saketi mpya inajitegemea. Ukikuta sifuri, igeuze. Kipimo hiki huchukua nusu dakika. Ukimaliza, zima swichi, toa ile fyuzi mpya, rudisha fyuzi ya gari mahali pake, na uhakikishe kwamba redio au taa husika inafanya kazi kama zamani.

Nitaeleza kwa nini nakazania adapta. Shemeji yangu alifungiwa kamera na fundi wa mtaani ambaye alichuna waya, akauzungusha kwenye mguu wa fyuzi, na kuisukuma fyuzi irudi tunduni. Ilifanya kazi miezi miwili. Nilipofungua boksi nilikuta plastiki ya tundu imebadilika rangi kuwa kahawia, meno ya shaba yametanuka kiasi kwamba fyuzi ilikuwa inacheza, na waya wenyewe haukuwa na fyuzi yake popote kati ya hapo na kioo. Meno yaliyotanuka hayarudi, na boksi zima ndilo linalobadilishwa.

Ethi

Waya mweusi unataka chuma cha bodi, na chuma hicho kiwe kitupu. Karibu na boksi la fyuzi kwa kawaida pana boliti ya spana namba 10 iliyoingia moja kwa moja kwenye bodi, na mara nyingine utakuta tayari kuna nyaya za ethi za kiwandani zimefungwa hapo. Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Boliti iliyoshika plastiki kwenye plastiki, au iliyopakwa rangi nzito, haifai. Kabla ya kuifungua, weka multimita kwenye kipimo cha volti, ncha nyekundu kwenye fyuzi yenye umeme na nyeusi kwenye boliti hiyo: ukipata namba ileile unayoipata kwenye betri yenyewe, ethi ni safi; ukipata pungufu, tafuta nyingine au kwangua rangi kidogo chini ya kichwa chake. Bana temino ya pete kwenye waya, ivute kwa mkono uone kama inashika, kisha ifunge. Kamera inayojizima na kujiwasha kila gari linapopita kwenye tuta, mara nyingi ethi yake ndiyo iliyolegea.

Kuupitisha waya

Kamera ibandikwe nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, mahali ambapo waipa hufika kufuta, na waya wake usukumwe kwenye upenyo kati ya kioo cha mbele na dari. Tumia kidole au kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Bisibisi huacha alama ambazo utaziona kila siku. Ukifika kwenye nguzo ya pembeni ya kioo, vuta kidogo raba ya mlango na uushushe waya chini yake hadi kwenye dashibodi.

Kwenye nguzo hiyo tazama kwanza kama kuna maandishi ya mfuko wa hewa. Gari lenye mifuko ya hewa ya pembeni limeificha nyuma ya plastiki hiyo, na waya uliopita mbele ya mfuko unaweza kuuzuia kufunguka au kurushwa kama kamba usoni mwa mtu. Kwa gari la namna hiyo waya upite nyuma ya mfuko au ubaki ukingoni kabisa chini ya raba.

Chini ya dashibodi, kijisanduku cha kishusha volti kifungwe kwenye furushi la nyaya la kiwandani kwa vifungio viwili, mbali na pedali na mbali na mhimili wa usukani. Urefu uliobaki ukunjwe kwa upana na kufungwa, usiukate. Kanyaga breki, klachi na moto hadi mwisho, zungusha usukani kulia na kushoto, na uangalie kwa tochi kama kuna kitu kinachogusa.

Wenye magari ya Japani wana njia nyingine ya mkato. Kile kifaa cha kulipia barabara za kasi za huko, ambacho kila ukiwasha gari mwanamke mmoja anakukumbusha kwa Kijapani habari ya kadi usiyokuwa nayo, kimekwisha kuunganishwa na umeme wa swichi pamoja na ethi, na waya wake unaweza kutumika kuilisha kamera baada ya kifaa chenyewe kuondolewa. Pima nyaya zake kama ulivyopima fyuzi, na uweke fyuzi ya amperi 3 katika waya mpya. Utapata umeme wa kamera na ukimya kwa mpigo mmoja, ingawa kwa ulinzi wa gari lililoegeshwa bado utahitaji umeme wa saa zote.

Kukamilisha na kuilinda betri

Unganisha waya mwekundu na adapta yake na wa njano na ya kwake, bana viungo kwa koleo, zungushia tepu, kisha ndipo uingize zile fyuzi mbili za amperi 3. Fungulia swichi. Kamera inapaswa kuwaka yenyewe. Ukizima, inapaswa kuingia katika hali ya kuegesha, yaani ile ya kulinda gari lililoegeshwa, baada ya sekunde chache. Ikiwa haiwaki kabisa, angalia ethi kwanza. Ikiwa inawaka lakini haijui kwamba gari limezimwa, huenda nyaya za njano na nyekundu zote mbili ziko kwenye umeme wa saa zote; ikizimika kabisa badala ya kuingia katika hali ya kuegesha, huenda zimebadilishana.

Kishusha volti kizuri kina swichi ndogo ya kuchagua ni wakati gani kikate umeme. Betri ya risasi na asidi iliyopumzika huonyesha takribani volti 12.7 ikiwa imejaa, 12.4 ikiwa na robo tatu, 12.2 ikiwa nusu, na 12.0 ikiwa imebakiwa na robo tu. Viwango vya 11.8 na 12.0 vilivyomo kwenye vishusha volti vingi mimi sivigusi. Kwa betri mpya naweka 12.2, na kwa betri iliyovuka miaka miwili naweka 12.4. Kamera ya wati 5 kwenye betri ya NS60 iliyojaa itafanya kazi kama saa 27 hivi kabla ya kushuka hadi robo tatu. Lakini gari linalokwenda kilomita chache tu kwenye foleni asubuhi na jioni huenda lisiijaze betri hata siku moja, na hapo saa hizo hupungua sana. Ukisafiri kwa siku kadhaa, zima hali ya kuegesha au chomoa fyuzi ya waya wa njano. Ni fyuzi moja, na sasa unajua ilipo.

Kama unataka kujua kamera yako inatumia kiasi gani hasa, chomoa fyuzi mpya ya waya wa njano, hamisha waya mwekundu wa multimita kwenye tundu lake la amperi 10, na ugusishe ncha mbili kwenye nafasi mbili ambamo fyuzi ilikaa, gari likiwa limezimwa na kamera iko katika hali ya kuegesha. Namba utakayoiona ni mkondo wa kamera peke yake. Izidishe kwa saa ambazo gari hulala, upate amperi-saa. Ukishaiona, rudisha waya mwekundu wa multimita kwenye tundu la volti hapohapo, kwa sababu ukienda kupima betri ukiwa umeusahau kwenye amperi, umepiga shoti kupitia mita yako mwenyewe.

Acha boksi bila kifuniko kwa siku ya kwanza. Jioni, baada ya kuendesha, gusa adapta zote mbili kwa kidole: zinatakiwa ziwe na joto lilelile la plastiki iliyo jirani. Iliyo moto imelegea tunduni au imebanwa vibaya kwenye waya, na inabidi itolewe na kufungwa upya. Asubuhi pima betri kabla ya kuwasha gari. Ikiwa juu ya volti 12.4, rudisha kifuniko.